Naomba ushauri: muvi ya kukodi imeexpaya kabla niimalize
Hamjambo wadau, niko hapa Kondele, Kisumu. Jumamosi nimekodi muvi kwa intaneti, shilingi 250, nikalipa. Masharti ni siku 30 za kuianza, lakini ukishaianza una masaa 48 tu. Sasa tumekaa na mama watoto saa mbili usiku, hata popkoni hazijaisha, stima zikapotea, kurudi ni Jumatatu saa tatu usiku, nafungua naambiwa lipa tena! Nimewaandikia mara mbili, jibu ni lile lile la mashine. Yule jamaa wa muvi pale stejini angeniwekea tu tena kwa flashi bila maneno.

Kuna mwenye amewahi kurudishiwa pesa, alisema nini? Na nikiidaunlodi kwa simu kwanza, masaa yanaanza kuhesabiwa lini?