Kuniitia Trans Am "IST ya Marekani" mbele ya mama mkwe: huyu mzee kavuka mpaka

Kapteni Boneti

Wakuu, naandika mikono inatetemeka na wala si baridi ya Ohio. Nimetoka sasa hivi kwenye nyama choma ya jumuiya, hata viatu sijavua.

Yule mzee mnamjua. Simtaji. Yule wa Mustang ya 1967 inayokuja juu ya trela kutoka mtaa wa pili. Yule mwenye cheti kwenye fremu ya kioo, kinachosema gari lake ni 1 kati ya 1, na ukimsalimia "shikamoo" anakujibu kwa cheti. Mwenyewe anajijua, na humu yumo, anasoma huku anachokonoa meno.

Sasa sikilizeni. Nimefika na Trans Am yangu ya 1979, lile gari la michezo la Pontiac, nyeusi, nimeipiga polishi mpaka yule ndege wa dhahabu kwenye boneti unamhesabu manyoya. Vioo vya paa nimevitoa. Mama mkwe kaja kututembelea kutoka Tanga, nimemkalisha mbele, kilemba amekikaza upepo usimpeperushie. Tumeingia pale watu wote shingo zimegeuka. Heshima ilikuwa imetulia, wakuu. Kwa mara ya kwanza tangu nioe niliona yule mama ananiangalia kama mtu mwenye akili.

Ndipo akaja yeye na sahani yake ya nyama. Akazunguka gari. Akainama, akachungulia rimu. Akagonga fenda kwa KIDOLE CHENYE MAFUTA YA MBUZI, akasema kwa ile sauti ya kutangaza misiba:

"Gari zuri. Ila hizi za 1979 zilitoka kiwandani 117,108. Hii ni IST ya Marekani."

IST. Ya Marekani. Kile kigari cha Toyota kilichojaa kila mtaa. Na kidole bado kiko pale pale kwenye fenda.

Mama mkwe akageuka akaniuliza, "Kumbe ni IST, baba?" Halafu akacheka. Si kile kicheko cha ukweni cha kujifunika kanga, hapana. Alicheka mpaka kiti kikalia.

Mzee alipoona ana wasikilizaji ndiyo akafungua darasa. Eti Trans Am ya kweli ni ya 1969, zilitoka 697, na za paa la turubai ni 8 tu. Eti kama ningekuwa na akili ningetafuta ya 1974 yenye injini ya SD-455, hizo ni 943. Namba zote hizo anazitaja anatafuna. Sikumsikia vizuri kwa sababu nilikuwa naangalia kidole.

Nimerudi nyumbani naendesha kwa mwendo wa maiti. Taa zote za barabarani zilikuwa nyekundu, naamini ni yeye kazipanga. Nyuma mtoto wangu anauliza, "Baba, kesho tunaenda shule na IST?" Mama mkwe akaanza upya.

Namba hazinisumbui. Laki moja, laki kumi, ni zilizotoka, si zilizobaki. Shida yangu ni kidole, na IST, na mbele ya mama mkwe. Naomba uongozi umfungie miaka 10 au angalau anyimwe maini. Nawasilisha.

Fundi Spana

Siti ya mbele nimeshika. Mkuu, lako ni lile la maadhimisho ya miaka 10, rangi ya fedha? Yale yalitoka 7,500, na yenye gia za mkono na injini ya 400 ya Pontiac ni 1,817 tu. Kama ni hilo, mzee kakuonea.

Kapteni Boneti

Nimeandika jeusi.

Fundi Spana

Injini?

Kapteni Boneti

403.

Fundi Spana

Kwa hiyo ni injini ya Oldsmobile.

Kapteni Boneti

Sikuja hapa kuhojiwa. Mtu kaweka mafuta ya mbuzi kwenye gari langu.

Fundi Spana

Pontiac yenye moyo wa Oldsmobile, otomatiki, halafu unalalamika kuitwa IST. Mkuu, mzee alikuhifadhi sana.

Shangazi Kigoda

Mimi nilikuwepo, tuseme ukweli. Mama mkwe hakucheka tu, alipaliwa, nikampa maji mimi mwenyewe. Na wewe Kapteni ulisimama pale na kitambaa unafuta fenda sehemu ile ile hadi sala ya kufunga.

Mpwa wa Kisumu

Ati IST? Hiyo ni sifa. Angekuambia Probox ndio ungejua umetukanwa.

Mkongo wa Dayton

Ndugu zangu, tupige hesabu kidogo. Mustang za 1967 zilitoka 472,121. Hiyo ni mara nne ya Trans Am ya huyu bwana. Na ya mzee ni silinda 6, otomatiki. Sasa hiyo "1 kati ya 1" inatoka wapi? Inatoka kwenye ile ripoti ya Marti, kampuni inayochambua kumbukumbu za Ford. Kumbukumbu za Ford kuanzia 1967 zimehifadhiwa gari kwa gari, kwa hiyo wanaweza kukuhesabia: ngapi zilikuwa na rangi hii, halafu kati ya hizo ngapi zilikuwa na viti hivi, halafu redio hii, halafu eksili hii. Ukiendelea kuongeza vitu, mwisho unabaki peke yako. Karatasi haidanganyi, ila swali uliloiuliza ndiyo mchezo. Kwa hesabu hiyo hata friji yangu ni 1 kati ya 1.

Kapteni Boneti

ASANTE. Mtu mwenye akili amefika. Ila hujasema kitu kuhusu kidole.

Mgeni Mtulivu (amejiunga leo)

Habari za jioni. Mimi simjui mzee huyo mnayemsema, na huko sikuwepo, lakini nadhani alitaka kuelimisha vijana. Kwa taarifa yenu, ripoti ile si ya kuokota, na gari lake lilitoka kiwandani na saa ya dashibodi, mikanda ya bega, na viti vya bluu. Watu wengine walioagiza vitu hivyo vyote kwenye silinda 6 hawakuwepo.

Shangazi Kigoda

Shikamoo mzee.

Mgeni Mtulivu (amejiunga leo)

Marahaba. Nimesema simjui.

Fundi Spana

Nimeanguka 😂😂😂

Bibi wa Cincinnati

Mnabishana hewani. Firebird na Camaro zilikuwa zinatoka hapa hapa Norwood, kiwanda kikafungwa 1987. Za huku nyingi zimeliwa na chumvi ya barabarani, unafungua mlango unabaki nao mkononi. Lile la Kapteni nimeliona chini, kuna mahali pamezibwa kwa karatasi ya kopo la nyanya.

Kapteni Boneti

Bibi, hiyo mada nyingine.

Nyama Foili

Mnalialia nini? Mimi nina Cosworth Vega, kile kigari cha Chevrolet. Zilitoka 3,508 tu, 1975 na 1976, basi. Piga hesabu, Trans Am ya mtoa mada ni nyingi mara thelathini na ushee. Nimeitangaza nimechoka. Anayepiga simu anauliza kama nauza rimu peke yake. Mwingine kauliza kama ni ya mtoto. Nyie angalau mnatukanwa, mimi hata wa kunitukana sina.

Mlevi wa Krom

Afadhali yako ni ya kweli. Mimi niliuziwa Camaro ya 1967, nikaambiwa Z/28, lile toleo la mbio. Z/28 za mwaka ule ni 602. Nikalipa pesa ya 602. Naipeleka kuoshwa, bomba la maji likapita ubavuni, ile nembo ikadondoka kwenye povu. Ilikuwa na gundi ya viatu. Na Chevrolet hawakuacha kumbukumbu za gari moja moja kama hao wa Ford na Pontiac, kwa hiyo nimebaki na neno la muuzaji, na simu ya muuzaji haipatikani. Ukijumlisha Z/28 zote za 1967 zinazouzwa mtandaoni, kiwanda kilikuwa hakilali.

Fundi Spana

Gundi ya viatu nimeipenda.

Mkongo wa Dayton

Kama ni uadimu, Corvette ya 1983. Walitengeneza 43 za majaribio, hakuna iliyouzwa, imebaki moja, ipo kwenye makumbusho yao Bowling Green, Kentucky. Na mwaka 2014 sakafu ya makumbusho hayo ikafunguka alfajiri, shimo likameza Corvette 8. Ile ya 1983 ikasalimika.

Nyama Foili

Yangu ikizama hamtaandika hata sentensi.

Kapteni Boneti

Wakuu, IST. Mbele ya mama mkwe. Tusitoke kwenye mada.

Mpwa wa Kisumu

Kwani mtu anaweza leta moja ya hizi Mombasa? Nina mjomba anataka.

Bibi wa Cincinnati

Kenya gari likizidi miaka 8 halipiti, na usukani huo wa kushoto ndiyo kabisa. Mwambie mjomba anunue picha.

Mpwa wa Kisumu

Sasa hiyo ndiyo ya kulalamikia, si vidole. Gari la miaka 40 lililokaa gereji linakatazwa, na matatu bila breki inapita mbele ya askari inapiga honi.

Mlevi wa Krom

Uzi wa bandari fungua wako. Mimi nauliza kitu kimoja: huyo mzee alikuwa na sahani ya nyama. Nyama aliipata wapi? Maana mimi nilichanga dola 40 nikapewa kachumbari.

Nyama Foili

Hata mimi. Kachumbari na mfupa usio na historia.

Shangazi Kigoda

Mbuzi walikuwa wawili. Msianze. Mweka hazina ameshatoa risiti kwenye kundi la WhatsApp.

Mlevi wa Krom

Risiti ya mbuzi wawili nimeiona. Vichwa viwili pia nimeviona, vilikuwa kwenye beseni la bluu. Miguu je?

Shangazi Kigoda

Miguu imefanyaje?

Mlevi wa Krom

Nilihesabu miguu sita.

Mkongo wa Dayton

Eh.

Mgeni Mtulivu (amejiunga leo)

Nami nilihesabu sita. Nilikuwa karibu na beseni.

Fundi Spana

Mzee, ulisema hukuwepo.

Kapteni Boneti

Mmeona! Mmeona! Ni yeye! Mod, huyu afungiwe, turudi kwenye mada.

Bibi wa Cincinnati

Kapteni, ngoja kwanza, hii ya miguu ni nzito. Shangazi, kwenye ile risiti kuna supu?

Shangazi Kigoda

Supu haikuwepo kwenye bajeti.

Mlevi wa Krom

Kwa hiyo miguu miwili imeenda nyumbani kwa mtu. Mweka hazina aje hapa ajibu, na aje na beseni.