Lena (leseni ya kujifunzia) ninayo, mtihani Alhamisi: darasa, simu au kitabu?

BintiKimara: Wakuu habari, wakubwa shikamooni. Nafanya mtihani wa alama na sheria za barabarani wiki ijayo, leseni ya daraja D, ya gari dogo. Gari naliweza, ila alama zinanichanganya. Darasa la shule yetu linaanza saa kumi jioni, mimi natoka kazini kumi na moja. Nimeshusha programu ya maswali kwenye simu, na kaka kanipa kitabu chake cha alama, kimechakaa ila kurasa zote zipo. Nishike kipi?

Kitonga_Moja: Simu. Nilijibu maswali ndani ya daladala wiki mbili, nikapita. Kitabu ukifika ukurasa wa tatu usingizi huo.

MamaMapacha: Dada, kagua programu ni ya wapi. Yangu ilikuwa ya nchi wanakoendesha upande wa kulia wa barabara. Nyumbani napata tisini kwa mia, najiona dereva. Siku yenyewe askari akachora kiplefti kwenye karatasi, akaweka vizibo viwili vya soda, akauliza nani anasubiri. Nikasema nampisha wa kushoto. Akasukuma kizibo changu kikagonga kile kingine: "Umeshagonga, mama. Kajisomee urudi." Hapa kwetu kwenye kiplefti unampisha anayetoka kulia kwako. Nimeliona hilo miaka yote nikiwa abiria, simu ikanipotosha!

Kitonga_Moja: Pole sana. Yangu ilikuwa ya Kenya, nao kushoto kama sisi. Labda ndiyo iliyoniokoa.

KondaMstaafu: Marahaba binti. Shika kitabu, maana kimepanga alama kwa makundi, simu inakurushia hovyo hovyo. Usianze na picha, anza na umbo na rangi. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya: kona, ng'ombe, watoto wa shule. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza, la bluu linaamrisha. Pembetatu iliyopinduliwa ncha chini, toa nafasi. Pembe nane nyekundu, simama, matairi yatulie kabisa hata kama barabara haina mtu. Ukiyashika hayo, hata picha usiyoijua utaibashiri. Halafu ukipanda gari kaa mbele kwa dereva, taja kila alama kabla hamjaipita. Na mistari usiisahau: mweupe usiokatika upande wako, hakuna kuovateki.

FundiGia: Darasa mnalionea. Ishara za mikono za trafiki kitabuni ni mtu aliyeganda tu, mimi nilizielewa mwalimu aliposimama mbele yetu akatuita na kutuzuia kama magari. Na swali la mtego lilikuwa hapo: taa ni ya kijani, trafiki kakunyooshea mkono usimame, unafuata nini? Unamfuata trafiki. Omba hata Jumamosi moja.

BintiKimara: Asanteni. Nimeikagua programu, usukani uko kushoto, kumbe ni ya wanaoendesha kulia, nimeifuta. Mwalimu kakubali Jumamosi saa tatu. Leo nimekwenda Kibaha nimekaa mbele, nataja alama kwa sauti, dereva akaniuliza naongea na nani. Moja imenishinda: kibao cha 50 kilichokatwa kwa mistari.

KondaMstaafu: Hapo hamsini imeisha. Ila usikanyage mafuta kabla hujakifikia, trafiki wenye tochi za kupima mwendo wanapenda kukaa hatua chache kabla yake.