Kuta za zege za mm 180, ghorofa 12: nikague nini kwanza kuhusu tetemeko?

MsomaMichoro:
Wakuu, naomba msaada. Jengo la makazi, ghorofa 12, linasimama kwa kuta za zege lenye nondo, unene mm 180. Kwenye ncha za kuta kuna nondo wima za mm 16. Nondo za kulala zimepangwa kila mm 200, mikia yake imekunjwa digrii 90. Kwenye maegesho ya chini, ukuta mmoja wa mita 5 umekatwa ukabaki mita 3.5 ili magari yapite. Nasikia majengo ya kuta ni imara kuliko ya nguzo. Nitulie?

ZegeNaNondo:
Usitulie bado, mkuu. Kuta nyingi hupunguza kuyumba kweli, na Chile ilifaidika nazo mwaka 1985. Ndiyo sababu kanuni yao ya 1996 haikudai ringi (nondo nyembamba zinazozunguka nondo wima) za kubana ncha. Baadaye majengo yakarefuka na kuta zikawa nyembamba. Tetemeko la 8.8 la Februari 27, 2010 lilisaga zege la ncha za chini, nondo zikachomoka nje zimepinda. Alto Río, ghorofa 15 mjini Concepción, lilianguka.

Anza na mzigo. Tuseme ukuta wako unabeba mita za mraba 40 kila ghorofa, kilonewtoni 10 kwa kila mita ya mraba: jumla 4,800 kwa ghorofa 12. Ukuta wa mita 5 una eneo la mita za mraba 0.9, kwa zege la megapaskali 25 uwezo wake wa kugandamizwa ni kilonewtoni 22,500. Uwiano wa mzigo kwa uwezo ni 0.21. Pale ulipokatwa eneo ni 0.63, uwiano unapanda hadi 0.30, na tetemeko bado halijasukuma. Baada ya 2010 Chile iliweka kikomo cha 0.35, nguvu ya tetemeko ikiwemo. Huo ukuta wa maegesho ndio unaonitia wasiwasi.

Halafu ringi. Mkia wa digrii 90 umelala ndani ya ganda la nje; ganda likibanduka, mkia unafunguka na nondo wima inabaki bila mshiko. ACI 318, kanuni ya zege ya Marekani, inataka mkia wa digrii 135 uingie kwenye kiini (zege la ndani ya ringi), na nafasi kati ya ringi isizidi mara 6 ya kipenyo cha nondo wima, kwa nondo za kawaida: kwako mm 96. Mm 200 ni mara 12.5.

Kama kuna kuta za umbo la T, angalia ncha huru ya mguu wa T. Hapo ndipo mgandamizo hujikusanya.

UfaMmoja:
Naongeza hatari iliyo kinyume: nondo chache mno. Tuseme zege lako ni gumu kuliko hiyo 25: la megapaskali 40 huhimili kuvutwa kwa kama megapaskali 3 kabla ya kupasuka. Kipande cha ukuta wako cha mita moja kinahitaji kilonewtoni 540 kupasuka. Nondo wima za asilimia 0.25 ya eneo hilo ni mm za mraba 450. Kwa chuma cha megapaskali 500 zinatoa kilonewtoni 225 tu. Ufa wa kwanza ukitokea, wa pili hauji. Mvutano wote unaishia kwenye ufa huo na nondo zinakatika. Tetemeko la Christchurch, New Zealand, 2011: kwenye jengo la Gallery Apartments ufa ulionekana mwembamba. Zege lilipochimbwa, nondo zilikutwa zimekatika. Kwa hiyo usipime hatari kwa upana wa ufa.

MsomaMichoro:
Asanteni sana. Je, nikiongeza unene wa ukuta wa maegesho?

ZegeNaNondo:
Inawezekana, ila kwanza toa sampuli za zege na fukua ganda sehemu mbili tatu uone ringi zilizopo kweli, michoro hukosea. Nenepesha ncha kwa ringi zilizofungwa zinazopenya ukuta wa zamani. Nondo wima mpya usizishushe kwenye msingi bila hesabu: ukuta ukiwa mgumu kupinda, nguvu ya kukata inapanda, na ukuta unaweza kukatika kimshazari. Msingi nao upimwe upya. Kuuzungushia kitambaa cha nyuzi za kaboni peke yake hakubani ukuta mrefu. Lazima kuwe na vifungo vinavyopita upande hadi upande.