Mrejesho: dadu sasa narusha mezani, wote wakiona

Mwezi jana niliuliza kama mwendesha mchezo wa Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi, kila mchezaji ana mhusika wake na dadu huamua yanayompata) anaweza kuchakachua dadu kidogo ili wahusika wasife ovyo. Tuko watano, tunacheza Jumamosi jioni hapa Kondele, Kisumu, na mimi, mwendesha mchezo, nilikuwa nikirusha dadu za maadui nyuma ya kadibodi.

Asanteni sana. Nilifuata ushauri wa aina mbili: kurusha wazi, na kupunguza nguvu za adui kabla ya pambano, si katikati.

Huo wa pili umefaa kabisa. Wa kwanza, mh! Jumamosi iliyopita zimwi lilipata 20 kavu (dadu yenyewe ya pande 20 ilionyesha 20), dadu za majeraha zikawa maradufu, na nguvu za uhai za mhusika wa binamu yangu zikafika sifuri. Akaanza kurushia uhai wake: 10 kwenda juu ni heri, ukikosa mara tatu umekufa. Akapata 12, kisha 4, kisha 9. Dadu ya nne ikagonga chupa ya chai, ikazunguka weee, ikasimama kwenye 7: kosa la tatu, mhusika amekufa. Meza nzima kimya. Zamani ningeona namna ya kumponya.

Binamu alinuna, chapati yake akaiacha nusu. Wengine wanasema hawajawahi kuogopa vile, na wanataka tuendelee hivyo hivyo.

Kosa langu ni kukiri usiku huohuo kwamba zamani nilikuwa nachakachua. Mmoja akauliza, “Kwa hivyo lile joka, tulilishinda kweli?” Sikuwa na jibu.

Binamu ameomba karatasi ya mhusika mpya, ila hajasema kama atakuja.