Naomba ushauri: nipangeje bei ya wayaringi baada ya kupata leseni?

Habari zenu wakuu. Nipo Mwanza, nimekuwa fundi umeme miaka saba chini ya mkandarasi, na mwezi uliopita nimepata leseni yangu ya EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji. Namshukuru Mungu. Sasa bei ndiyo inaninyima usingizi.

Zamani nilikuwa natoza kwa pointi: taa, swichi, soketi, nahesabu, basi. Juzi nimefanya nyumba ya vyumba vitatu kule juu Bugarika kwa hesabu hiyohiyo. Kutindua ukuta na kusuka nyaya hakukuwa na shida. Shida ilikuwa ethi, yaani kuunganisha nyumba na ardhi ili umeme ukivuja uende chini usimpige mtu. Mnaijua milima yetu, ni mawe matupu. Fimbo ya shaba iliingia kama nusu futi ikagonga mwamba, nikahamisha mara nne, mwishowe tukachimba mtaro mpaka bondeni kwenye udongo. Siku mbili na vibarua wawili, na hela yote imetoka mfukoni mwangu kwa sababu mwenye nyumba tulishakubaliana. Kuacha ethi mbovu siwezi, ile ndiyo roho ya mtu.

Halafu kuna wanaokuja nigonge muhuri tu kwenye fomu ya TANESCO (shirika la umeme) ya kuunganishiwa umeme, kazi kafanya fundi mwingine. Nimekataa, maana nyumba ikiungua jina ni langu. Ila kwenda kukagua na kupima, natoza vipi?

Wenye uzoefu, ethi mnaiweka kando na pointi? Na malipo ya awali mnachukua kiasi gani kabla ya kununua vifaa?