Waandaaji wa mbio za milima ya Kabare watueleze kwa nini walituacha juu ya mlima radi ikipiga

Ndugu wakimbiaji wa Bukavu na wa kwingineko, ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha. Jumamosi iliyopita tulikimbia mbio za milimani za kilomita 28 zilizoanzia mjini, zikapanda vilima vya Kabare na kutelemka tena hadi kando ya ziwa. Kamati iliyoziandaa siitaji jina, wenyewe wanajijua. Ninachotaka tukijadili ni hiki: sisi wa nyuma, tunaokimbia kwa kupenda na wala si kwa kugombea kikombe, tulikatwa namba za kifuani, yaani tuliondolewa mashindanoni, juu ya mlima kwa kosa ambalo si letu, kisha tukaachwa huko bila gari, bila maji na bila mtu wa kutuonyesha njia.

Ratiba tuliyopewa siku ya kuchukua namba ilisema tutaondoka saa 12:30 asubuhi. Kila aliyekulia hapa anajua maana ya kuondoka saa hiyo. Katika majira ya mvua asubuhi zetu huwa shwari, mawingu huanza kurundikana juu ya milima jua likishapanda, na mchana ukifika ngurumo hazina budi kusikika. Tulijipanga mapema, tukapasha mwili moto, tukaambiwa tusubiri kwa sababu mgeni rasmi hajafika. Alipofika akahutubia, mdhamini naye akahutubia, zikafuata picha. Filimbi ilipulizwa saa 2:50. Saa mbili na dakika ishirini zilikuwa zimeliwa, na mwili uliopashwa moto ulikuwa umepoa zamani.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, kwa sababu kuna wanaosema kuwa kuchelewa ni jambo la kawaida kwetu na kwamba ninakuza mambo. Kituo cha pili kilikuwa kwenye kilomita ya 17, baada ya kupanda jumla ya mita 900 hivi, na muda wa mwisho wa kukipita ulikuwa umeandikwa saa 5:00 asubuhi. Shirika la kimataifa la mbio za milimani, ITRA, hupima ugumu wa njia kwa hesabu rahisi: kila mita 100 za kupanda huongezwa kama kilomita moja. Kwa hiyo kilomita 17 zenye mita 900 za mlima zina uzito wa kilomita 26. Mtu aliyeondoka saa 12:30 angekuwa na saa nne na nusu za kufika pale, yaani mwendo usiofika kilomita 6 kwa saa, ambao mwalimu, muuguzi au fundi anayefanya mazoezi alfajiri kabla ya kazi anauweza. Tulioondoka saa 2:50 tulibakiwa na saa mbili na dakika kumi. Huo ni mwendo wa kilomita 12 kwa saa, yaani wa mtu anayemaliza marathoni ya barabara tambarare kwa saa tatu na nusu. Kamati ilisogeza saa ya kuondoka ili kumsubiri mheshimiwa, lakini saa ya kufunga kituo haikuisogeza hata dakika moja kwa ajili yetu.

Mimi nilifika kituo cha pili saa 6:10 mchana, baada ya saa tatu na dakika ishirini za kukimbia na kupanda, yaani ndani ya muda kwa zaidi ya saa nzima kama hesabu ingefanywa kwa haki. Nilimkuta kijana mmoja na daftari la shule limefunikwa kwa mfuko wa plastiki, mkasi mkononi. Bidoni mbili za njano za maji zilikuwa zimelazwa chini, zote tupu. Akaniambia kwa upole, «Mama, saa yako imeisha, shuka tu polepole», akakata kona ya namba yangu, akaandika. Simlaumu huyo kijana. Alikuwa ametumwa, na aliponiangalia niliona kuwa hata yeye hakupendezwa na kazi ile. Nilimuuliza gari la kutushusha liko wapi. Akanionyesha alama za matairi kwenye udongo: gari lilikuwa limeshuka na daktari pamoja na viti, kwa sababu ratiba ilisema kituo kinafungwa saa 5:00, na yeye mwenyewe angeshuka kwa pikipiki.

Baada ya hapo tulikuwa kundi la waliokatwa, tukishuka kwa kukisia. Vitambaa vya kuonyesha njia vilikuwa vinaondolewa nyuma ya wakimbiaji wa mbele, na kwenye njia panda ya shamba la mikaratusi hapakuwa na alama yoyote. Udongo wa kule mnaujua, ukilowa hauna urafiki na kiatu chochote. Mvua ilitukuta mgongoni mwa mlima, mahali pasipo nyumba, na radi ya kwanza ilipomulika nilianza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Sauti huchukua takriban sekunde tatu kusafiri kilomita moja, na kanuni inayofundishwa katika nchi nyingi ni kwamba ngurumo ikifuata mmuliko kabla ya sekunde 30 hujatimiza kuhesabu, unatakiwa uwe tayari ndani ya jengo imara au ndani ya gari, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mimi sikufika hata tisa. Gari, ambalo ni kinga nzuri dhidi ya radi, lilikuwa mjini likipakuliwa viti. Wenzangu wawili walitaka kujificha chini ya mti mmoja mkubwa, ikabidi niwakemee kama watoto. Mama mmoja mwenye shamba la maharage ndiye aliyetuita kwa sauti kutoka chini ya mteremko na kutuelekeza kwenye shule ya matofali ya kijiji chao, akatufungulia mlango, akakataa hata kushukuriwa.

Kamati haiwezi kusema kuwa haikujua. Mwaka 2016 watafiti waliochunguza vipimo vya setilaiti kuhusu radi duniani waliweka milima ya magharibi mwa Ziwa Kivu, sehemu waliyoiandika kwa jina la Kabare, kuwa ya pili duniani nzima kwa wingi wa radi, mimuliko zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, ikitanguliwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Hata asiyesoma utafiti wowote anawajua watu wa vijiji vile waliozika ndugu zao waliopigwa na radi shambani. Kupeleka mamia ya watu kwenye mgongo ule saa sita mchana katika msimu wa mvua ni kuwachezea watu roho zao.

Nilipowaandikia, jibu lilikuwa fupi: mlima ni mlima, na anayeshindwa muda hakujiandaa. Ninawaomba wasome kilichotokea tarehe 22 Mei 2021 katika mkoa wa Gansu, Uchina. Mbio za kilomita 100 zilikutana na mvua ya barafu na upepo mkali, na wakimbiaji 21 kati ya 172 walikufa kwa baridi. Wengi walikuwa na kaptula na fulana, kwa sababu koti la mvua halikuwa kifaa cha lazima, na sehemu mbaya kuliko zote ilikuwa mpando mrefu ambao gari halikuweza kufika. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Liang Jing, mmoja wa wakimbiaji hodari kabisa wa mbio ndefu nchini mwake. Je, naye hakujiandaa? Na UTMB, mbio za kuzunguka Mont Blanc ambazo watu wa dunia nzima wanaziota, zilisimamishwa mwaka 2010 kwa sababu ya hali ya hewa, ingawa maelfu walikuwa wameshalipa na kusafiri. Huko mkimbiaji haingii njiani bila koti la mvua lenye kofia, filimbi, blanketi la dharura na akiba ya maji, na aliyeondolewa mashindanoni huelekezwa mahali pa kupandia basi. Sisi tulilipa dola 20, hatukukaguliwa hata mfuko mmoja.

Sidai kurudishiwa pesa. Ninadai kamati itangaze hadharani kuwa waliokatwa kituo cha pili hawakushindwa muda, na matokeo yarekebishwe kwa kuhesabu tangu saa 2:50. Ninadai pia kuwa mwakani, mgeni rasmi akichelewa, atukute tumeshaondoka na ahutubie wakati wa kugawa zawadi. Kuwa gari na mtu wa huduma ya kwanza wabaki kwenye kituo mpaka mkimbiaji wa mwisho ashuke. Na kuwa wapo watu wawili wanaotembea nyuma ya wote, hao ndio wakusanye vitambaa. Mambo hayo hayahitaji mdhamini mkubwa.

Mliokatwa namba siku ile, andikeni hapa chini saa mliyofika kituoni na njia mliyoshukia. Nitakusanya yote na kuyapeleka kwa kamati kwa maandishi Ijumaa, pamoja na namba yangu iliyokatwa kona.