Mtoto ana S.6: aende kuruta sasa au angoje kadeti?

Shangazi wa Bombo
Ndugu zangu, naomba mawazo yenu. Mtoto wa kaka yangu amemaliza S.6, yaani kidato cha sita, ana prinsipo mbili, masomo makuu mawili aliyofaulu. Tangazo la jeshi letu la Uganda la kuandikisha makuruta limetoka, naye anataka kwenda uwanjani kukimbia na wenzake. Baba yake hataki kusikia. Anasema mwenye S.6 hungoja kadeti, mafunzo ya uofisa, aende chuo cha Kabamba atoke na nyota begani, si kupelekwa Kaweweta kwenye shule ya makuruta kuanzia chini kabisa. Kijana anajibu kwamba kadeti haitangazwi kila siku, nafasi ni chache, na yeye amechoka kukaa nyumbani. Nyinyi mliopita huko mngemwambia nini?

Mwalimu Kasese
Angoje. Kuruta ni njia ya mtu wa S.4 ambaye shule ilimshinda. Ukiingia na namba ya RA, ile ya askari wasio maofisa, utazeeka nayo, uje kumpigia saluti kijana uliyemfundisha kushika bunduki. Tena nchi hii tuliwahi kuiweka mikononi mwa sajenti, Idi Amin, matokeo tuliyaona.

Mtoto wa Kambi
Mwalimu, futa hiyo ya "shule ilimshinda". Baba yangu aliishia S.4 kwa sababu ada ilikosekana, na alistaafu sajenti. Nimekulia kwenye uniporti, kile kibanda cha bati cha mviringo, pazia katikati, wazazi upande huu na sisi watano upande ule, sigiri ya mama nje mlangoni. Jioni nilikuwa nawaona maluteni wapya wakija, wanavua kofia, wanachuchumaa karibu na sigiri: "Mzee, kesho hii kazi tunaipangaje?" Baba anawachorea chini kwa kijiti, hapa mto, hapa kilima, bunduki kubwa ikae huku. Asubuhi wao ndio wanaotoa amri. Sasa niambie ni nani hapo aliyeshindwa na shule.

Okello wa Gulu
Na hiyo ya sajenti kutawala nchi haisimami. Amin aliingia KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, mwaka 1946, akapanda ngazi zote za chini, kweli. Lakini 1961 alipewa uluteni pamoja na Shaban Opolot, watu wawili wa kwanza wa Uganda kuupata. Tarehe 25 Januari 1971 anapindua serikali alikuwa Meja Jenerali. Kama ni kulaumu vyeo, laumu ujenerali.

Mwalimu Kasese
Nyota alibandikwa haraka tu uhuru ulipokaribia. Na kambi ya Jinja 1964, walioasi ni akina nani? Si wapiganaji wa kawaida? Walimkamata waziri Onama alipokwenda kuongea nao, serikali ikabidi iwaite Waingereza waje kutuliza kambi. Jeshi likiachwa kwa watu wasiosoma ndiyo hayo.

Okello wa Gulu
Umeanzia katikati ya hadithi. Waliasi kwa sababu ya mshahara, na kwa sababu uhuru ulikuja Oktoba 1962 lakini Januari 1964 bado waliokuwa wakiwaamrisha ni Waingereza. Mtu ametumika KAR miaka na miaka, mlango wa uofisa umefungwa kwa sababu ya rangi yake. Wiki ileile Tanganyika na Kenya nako wanajeshi waliasi, kilio kilekile. Wewe unaona kosa la watu wa chini, mimi naona kosa la aliyejenga ukuta kati ya chini na juu.

Nakato, mke wa koplo
Mnagombania marehemu. Mimi nisemee waliopo. Mume wangu ni koplo, amekwenda Somalia, na mabati ya nyumba yetu yametoka kwenye marupurupu ya misheni. Kilichobaki tulikopa Wazalendo Sacco, ushirika wa akiba na mikopo wa wanajeshi, na pale koplo anakopa kama ofisa anavyokopa, tofauti ni kiasi. Shangazi, usidanganywe kwamba mtu wa chini hajengi. Ila kweli nyingine niiseme: hao waliokwenda Mogadishu tangu Machi 2007, waliokaa kwenye mahandaki mbele kabisa ni watoto wa Kaweweta. Usingizi nilikuwa siupati.

Hajji Mstaafu
Nimesoma yote, swali la Shangazi hamjalijibu. Mimi nilianza kuruta. Kijana ajiulize anataka kufanya nini jeshini. Ofisa kazi yake ni watu: kupanga, kuandika ripoti, kujibu kosa la askari wake hata kama yeye alikuwa amelala. Akipenda ufundi, magari, redio za mawasiliano, uuguzi, huku chini ataishika kazi yenyewe kwa mikono yake. Na kuruta mwenye S.6 anaweza kupelekwa Kabamba baadaye, nimewaona wengi.

Mtoto wa Kambi
Hajji, kwa heshima, umeacha neno moja: jina lako lazima mkubwa wako alipeleke mbele. Baba alikuwa na mkubwa ambaye kila mwaka alimwambia "kikosi hakiwezi kukuachia". Kujua kazi sana kulimfunga palepale. Kijana akiingia chini kwa hesabu ya kupanda, aingie akijua hilo.

Mwalimu Kasese
Basi umekubaliana nami, angoje kadeti. Na baba yako sikumtaja mimi.

Mtoto wa Kambi
Sijakubaliana nawe hata kidogo. Nimesema njia ya kupanda ni nyembamba. Wewe ulisema walioko chini ni wajinga. Uliposema hivyo ulimtaja.

Shangazi wa Bombo
Jamani mmefika 1964, hata baba yake huyu mtoto hajazaliwa! Haya, nimemsomea ya Hajji, anasema anataka redio. Lakini jana tumegundua jambo: cheti chake cha UNEB, bodi ya mitihani, kina majina mawili, kitambulisho cha taifa kina matatu, wameongeza la babu. Itamsumbua?

Hajji Mstaafu
Sana. Atatolewa kwenye foleni kabla hajakimbia hata hatua moja, awe kuruta awe kadeti. Barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji, sahihi ya DISO, ofisa usalama wa wilaya, cheti, kitambulisho, vyote vimwite jina moja. Aanze kesho.

Nakato, mke wa koplo
Aende kwanza ofisi ya wilaya ya NIRA, wale wa vitambulisho vya taifa, hapo Luweero, wamwambie kama kiapo kinatosha. Asikimbilie makao yao makuu Kololo, Kampala, atamaliza nauli bure. Na abebe vyeti halisi, kopi peke yake watamrudisha.

Mwalimu Kasese
Okello, Opolot mbona hakupindua mtu? Naye si alitoka chini?

Okello wa Gulu
Ndivyo ninavyokuambia tangu mwanzo, Mwalimu!